Konokono wa Meli ya Aurelia

"Nyundo, hapa Tanuri. Mzigo umepita mizani?"

"Umepita."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini zilizopita."

Sauti ya Veronika ikarudi kwenye Thuraya, simu ya setilaiti, kavu kama kawaida yake. "Basi ulikuwa umelala, Nyundo. Mzigo ukifika Madibira kabla yako, usihangaike kurudi kazini."

Simu ikakatika.

Tadeo Kihwele, ndiye Nyundo, akawasha Hilux. Saa tano asubuhi, jua la Ipogolo lilikuwa limeshaanza kuchoma lami. Chini ya kiti chake kulikuwa na Glock 19 na magazini mbili. Hakuzigusa. Kwanza alitaka kujua gari la adui, lililochelewa kufika mizani, lilikuwa limepoteza wapi dakika ishirini.

Jana meli ya kitalii Aurelia ilitia nanga Dar es Salaam kwa saa tisa. Watalii elfu mbili waliteremka kupiga picha na kununua vinyago. Sheria waliyosomewa ni moja: chakula cha melini kinabaki melini. Tofaa, kipande cha nyama, mkate wenye jibini, vyote vinatupwa mlangoni, maana ndani ya tunda moja anaweza kutoka mdudu wa kumaliza mashamba ya mkoa mzima. Watalii walinung'unika. Wakatupa.

Msaidizi wa mpishi mmoja hakutupa. Aliteremka kwa mlango wa wafanyakazi na deli kubwa la buluu lenye kifuniko, akasema ni makombo ya kupelekea yatima. Mlinzi akamwonea huruma.

Ndani ya deli walikuwamo konokono hai wa majini, mia nne, kila mmoja mkubwa kama ngumi ya mtoto. Melini hukaangwa kwa siagi, sahani moja kwa bei ya kiroba cha mchele. Shambani wao ndio walaji. Hula mche wa mpunga ungali mchanga, na jike mmoja hutaga mayai mamia kwa wiki. Wakishaingia kwenye mfereji hawatoki.

Mwenye mzigo aliitwa Haas, mzungu mfanyabiashara wa dawa za kilimo. Ghala lake la dawa ya kuua konokono lilikuwa limejaa tangu mwezi uliopita.

Alichokosa ni konokono.

Leo saa tisa alasiri lango kuu la Madibira lingefunguliwa kwa zamu ya maji. Mfereji mmoja, mashamba yote. Miche ilikuwa na wiki mbili tangu ipandikizwe.

Tadeo akashusha kioo pale walipoegesha bodaboda.

"Land Cruiser nyeupe, mzungu ndani?"

"Ilipanda mjini, bosi, ikashuka. Haikukaa hata."

Tadeo akageuza usukani kuelekea mlimani. Aliijua sababu, maana na yeye alikuwa Mhehe. Msaidizi wa mpishi aliitwa Ambrosi, na faili lake lilisema mkewe, Lusia, ni binti wa Mlandege, mtaa wa Iringa mjini. Mwanamume aliyetoka melini hapiti chini ya nyumba ya wakwe zake mikono mitupu. Hata akiwa anafanya uhalifu.

*

Mama Rozalia, mama yake Lusia, alikuwa uani, mkononi ameshika birika tupu linalotoa mvuke.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kama wewe ni wa umeme, nimelipa."

"Si wa umeme, mama. Nimekuja kwa ajili ya Ambrosi."

Mama akaielekezea kidevu beseni iliyokuwa chini. Ndani, konokono thelathini walikuwa wameiva kwa maji ya moto, makombe yao yamegeuka rangi ya udongo. Pembeni kulikuwa na soseji zenye nembo ya Aurelia.

"Soseji nimezielewa," akasema. "Hivi vingine anieleze. Ameviweka mlangoni, ameinamisha kichwa, ameondoka. Mkwe wangu miaka sita, hajawahi kunitazama usoni, hajakanyaga sebule yangu. Kijana wa adabu. Leo ananiletea konokono. Nimemkosea nini?"

"Hajakutukana, mama. Anadhani ni chakula cha kitajiri. Yule mzungu amemdanganya. Hawa wakifika Madibira, hapatakuwa na mpunga."

Mama Rozalia akaisukuma beseni kando kwa mguu.

"Na Ambrosi atafanywa nini?"

"Wakifika, mzungu hatamhitaji tena."

"Sema Kiswahili cha kueleweka, baba."

"Atamuua."

Mama akaweka birika chini taratibu.

"Nipe namba yako ya simu, mama, na ya Ambrosi. Ikifika saa ya kuhitajika nitakupigia."

*

Mafinga. Kona ya kulia. Lami ikaisha, vumbi likaanza.

Tadeo alipiga gia kama anayeidai injini. Miti ya mbao ikabaki nyuma, joto la bonde likaanza kupanda mpaka kwenye usukani. Kwenye kioo cha tableti nukta moja nyekundu ilikuwa ikisogea mbele yake: simu ya Ambrosi. Walikuwa wamesimama Mafinga kula. Sasa walimzidi kilomita kumi na mbili.

Akashika redio ya Motorola. "Makoye, uko langoni?"

"Niko, mkubwa." Makoye, Msukuma wa Usangu, ndiye mkulima aliyekabidhiwa ufunguo wa lango. Mwaka wa tatu sasa alikuwa pia jicho la Tadeo bondeni.

"Usifungulie maji saa tisa."

Redio ikakoroma.

"Mkubwa, hapa nina watu mia mbili na majembe yao. Ardhi imepasuka, unaweza kuingiza mguu. Nikisema hakuna maji, watanifukia mimi humu mferejini."

"Nipe saa moja."

"Nitakupa dakika ishirini. Nitawaambia ufunguo umeng'ang'ania. Zaidi ya hapo uje ushike mwenyewe."

Kilomita kumi na mbili. Barabara haikutaka zaidi ya sitini kwa saa. Tadeo alipiga hesabu mara moja, na hesabu ikakataa.

Lazima Land Cruiser isimame.

Akampigia Mama Rozalia ili aiunganishe simu ya Ambrosi kwenye laini hiyohiyo, naye asikilize.

"Mama, mpigie Ambrosi. Mshikilie kwa maneno. Yoyote."

"Sijawahi kumpigia mkwe wangu hata siku moja."

"Ndiyo maana atapokea."

Ikaita mara mbili.

"Shikamoo mama." Sauti ya Ambrosi ilitetemeka. "Kuna msiba?"

"Marahaba. Uko na nani?"

"Niko na bosi. Subiri nishuke, mama."

Injini ikazimwa. Mlango ukafungwa. Funguo zikalia mkononi mwa mtu anayetembea haraka. Hakuna mkwe wa Kihehe anayeongea na mama mkwe wake mbele ya mtu baki, tena ameketi kwenye kiti cha gari. Nukta nyekundu ikatulia.

Tadeo akakanyaga mafuta.

"Nimechuchumaa, mama. Nakusikiliza."

"Umeniletea nini?"

"Chakula cha wazungu, mama. Melini wanakipenda sana."

"Nimewaunguza. Ni wadudu wa kumaliza mpunga. Ulijua?"

Upepo ukapita kwenye simu.

"Sikujua, mama. Bosi alisema anafungua hoteli Madibira."

"Hoteli Madibira. Ya kulala nani, vyura?"

Mama Rozalia akaendelea, bila kupumzika. Alianzia kwenye posa. Akapita kwenye harusi, kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza, kwenye bati alilomwahidi na hajaleta. Kilomita tisa. Kilomita saba. Mkwe hakati simu ya mama mkwe. Ambrosi aliitika "ndiyo mama" kila alipotakiwa, na kilomita zikawa nne.

Honi ikalia. Kisha sauti ya pili, Kiswahili cha mgeni.

"Ambrosi. Twende."

"Naongea na mama mkwe, bosi."

"Lete funguo."

"Usimpe," akasema Mama Rozalia.

"Funguo, Ambrosi."

"Bosi, hivi humo kwenye deli kuna nini?"

Ikasikika pumzi ya mtu anayerusha kitu mbali kwa nguvu zake zote. Halafu mlio mmoja mkavu.

Tadeo aliujua. Mama Rozalia hakuujua.

"Mkwe? Mkwe, mtandao unakata?"

*

Ambrosi alikuwa amelala ubavu kando ya barabara, simu bado iko sikioni. Land Cruiser ilikuwa wazi, deli halimo. Tadeo alipiga goti, akaweka vidole shingoni.

Macho yalisogea.

"Kwa miguu," akanong'ona Ambrosi. "Mferejini. Funguo... majanini."

"Pumzika."

"Mama bado yuko hewani?"

Tadeo alitazama kioo cha simu. Alikuwapo. Alipomrudia Ambrosi, macho hayakusogea tena.

Akachukua Glock akakimbia.

Majaruba ya mpunga yalianza mita mia tatu mbele. Haas alikuwa ndani yake, mtu mrefu mwenye deli la buluu begani, amekata katikati ya shamba kwa kufuata njia fupi. Juu ardhi ilikuwa imepasuka, lakini tope la chini lilikuwa halijakauka. Kila hatua lilimmeza hadi gotini. Tadeo alipita juu ya tuta, jembamba kama mkanda, miguu yake ikikumbuka utoto.

Risasi ikapasua hewa karibu na sikio. Akalala. Ya pili ikachimba tuta.

"Rudi, bwana," akapaza Haas. "Ni chakula tu."

Haas alifika ukingoni mwa mfereji mkuu. Mkavu, simenti nyeupe, mita tatu kwenda chini. Kwa mbali, langoni, watu walisimama kama ukuta. Saa tisa na dakika kumi na nane.

Tadeo alipiga mara moja. Goti.

Haas alianguka, lakini mikono yake ilimaliza kazi. Deli likajipigiza kwenye simenti, kifuniko kikaruka, na konokono wakasambaa mferejini kama viazi vilivyomwagika sokoni.

Tadeo akamfikia, akaipiga teke bastola yake. Haas alicheka, mguu wake ukivuja damu.

"Sasa leta maji."

"Makoye," Tadeo aliita redioni. "Wamo mferejini. Ukifungua, imekwisha."

Kelele tu za watu. Mtu akimwita Makoye mwizi wa maji. Bati likigongwa kwa jembe.

"Makoye."

"Wamenizunguka, mkubwa. Wameshanyang'anya ufunguo."

"Nani anao?"

"Esta, mwenyekiti wa zamu."

"Mpe redio."

Sauti ya mwanamke, yenye pumzi za hasira. "Wewe ni nani wa kuzuia maji?"

Tadeo alikuwa ameshafunzwa uongo wa namna kumi kwa swali kama hilo. Hakutumia hata mmoja.

"Mimi ni usalama. Mzungu amemwaga konokono wanaokula mpunga. Ameua mtu kwa ajili ya kuwafikisha hapa. Njoo na watu wako uwaone. Usipoamini, geuza huo ufunguo."

Sekunde zikapita. Chini mferejini konokono mmoja alitoa pembe, akaanza kutambaa kufuata unyevu.

Kisha ukuta wa watu ukavunjika na kuanza kuja.

Hakuna aliyewapanga. Waliruka mferejini kama siku ya kuzoa tope, na ndoo, na vitenge, na kofia. Esta alifunga ufunguo kiunoni akainama kama wengine. Waliokota wakapita, wakarudi wakaokota tena, wakakwangua mayai ya waridi kwenye kuta za deli kwa makali ya majembe. Walipasua kila kombe, wakamimina petroli, wakawasha. Harufu ilikuwa mbaya. Hakuna aliyeziba pua.

Saa kumi na moja Esta alitembea mfereji mzima peke yake, akitazama chini. Aliporudi akageuza ufunguo.

Maji yakaja.

Tadeo alimfunga Haas pingu akamkabidhi kwa askari waliotoka Rujewa bila maelezo. Kisha akashika simu. Laini ilikuwa bado wazi.

"Mama."

"Nimesikia yote, baba. Mimi ndiye niliyemwambia asimpe."

"Mimi ndiye niliyekuambia umpigie."

Tadeo akatazama maji yakiingia majarubani.

"Mpunga?" akauliza Mama Rozalia.

"Umepona."

"Mlete. Asipelekwe mochwari, aje hapa. Lusia nitamwambia mwenyewe."

"Utamlaza wapi, mama? Ni mkwe."

"Sebuleni. Natandika sasa hivi."

Tadeo na Makoye walimbeba Ambrosi wakamlaza nyuma ya Hilux, wakamfunika turubai. Thuraya ilikuwa ikiita. Veronika alitaka taarifa. Tadeo akaizima, akaosha mikono kwenye maji ya mfereji, akapanda garini akageuza kuelekea Iringa.