Maji ya Mkunazi

Kuna jambo moja ambalo Husna hakulipatia jibu, wala waliomsikia akilisimulia hawakulipatia: ule weupe ulitoka wapi? Kopo la unga wa makombe ya chaza, rangi nyeupe pekee iliyokuwamo nyumbani mle, lilikuwa bado limefungwa kwa karatasi yake ya Japani, uzi haujakatwa. Bi Fumiko, mchoraji kutoka Japani, alikuwa na desturi ya kuuacha weupe hadi mwisho wa kazi. Hata hivyo, Jumatano ile ya mwezi wa tano, mwaka 2011, kwenye shina la mkunazi uliochorwa palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Wewe umegusa?" Bi Fumiko aliuliza kwa Kiingereza chake cha maneno machache.

"Hapana, mama."

"Na mimi hapana."

Kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Nyumba ilikuwa Muaither, pembezoni mwa Doha. Mwenyewe, tajiri wake Husna, alikuwa mpenzi wa picha, na alimwalika bibi huyu wa miaka sabini na ushei aje auchore mkunazi wa uani, mti uliokuwapo kabla ya ukuta na kabla ya nyumba. Bi Fumiko hakutumia rangi za dukani. Alitumia mawe yaliyosagwa, yamepangwa kwenye vichupa. Jiwe moja la kijani lilijaza vichupa kumi. Lenye chenga lilikoza, lililokuwa laini lilipauka. "Jiwe ni lilelile," alimwambia Husna siku ya kwanza. "Hili limepondwa zaidi tu."

Mawe hayo yalishikwa kwenye karatasi kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe. Vijiti vya gundi vililowekwa usiku kucha, na asubuhi kichungu chake kikakalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto ili iyeyuke bila kuchemka. Husna, mtumishi wa ndani, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyepewa kazi hiyo, naye aliipenda. Akimaliza, maji ya sufuria aliyamwaga kwenye shina la mkunazi, maana kule maji hayatupwi ovyo. Na kila mara, kabla hajainamisha sufuria, alisema kwa sauti, "Bismillahi, tupisheni." Ndivyo alivyofunzwa na bibi yake: maji ya moto hayamwagwi chini kimyakimya. Wapo tusiowaona, nao wana watoto.

Mara moja tu hakusema.

Ilikuwa Jumanne, siku moja kabla ya lile doa. Sufuria ilikuwa mkononi simu ilipolia. Mama yake, kutoka Pangani, alilia kwanza kabla ya kusema. Zuhura, binti wa Husna wa miaka sita, alikuwa ameshikwa na homa Ijumaa, na jana alasiri walikuwa wamekwisha kumzika.

"Tulikutafuta, mwanangu. Simu yako haikupatikana. Na maiti hangojei."

"Nani alimwosha?"

"Mimi na shangazi yako."

Pasipoti ya Husna ilikuwa kabatini mwa tajiri, karatasi ya kutokea nchini ilitaka sahihi ya tajiri, na tajiri alikuwa safarini na wanawe. Hakuwa mtu mbaya, hakuwapo tu. Husna akatia simu mfukoni, akaenda uani, akamwaga maji. Akasikia ukelele mdogo, mwembamba, akadhani umetoka kooni mwake mwenyewe.

Punje ya mchele ikawa kunazi. Kunazi likawa yai. Kufikia wiki ya pili lile doa lilikuwa na umbo: mgongo wa mtoto aliyelala amejikunja, uso ameuelekeza kwenye mti. Bi Fumiko alilikwangua kwa kisu cha mwanzi, akalifunika kwa kijani. Kesho yake lilikuwa limerudi, jeupe kuliko jana.

Kisha ikaja harufu, ya manyoya yaliyobabuka. Roselyne, mpishi kutoka Kakamega, aliifuata jiko zima akinusa.

"Wee Husna, umechoma hiyo gundi yako?"

"Kichungu kimepoa tangu asubuhi, Rozi. Shika."

Roselyne akakishika, akakikuta baridi, akakiachia upesi. "Ai! Hii nyumba iko na mambo. Mimi nikisikia kitu kinaniita hapa, nitakimbia hadi Kakamega, na sitabeba hata kiatu." Akacheka. Husna hakucheka, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kuitwa.

Aliitwa saa sita mchana, jua la utosi, saa ambayo Muaither yote hujifungia ndani na husikii ila viyoyozi. Sauti ilitoka chumba cha picha. "Mama, maji yana moto." Ilikuwa ya Zuhura hasa, na kile kithembe chake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinung'unika beseni likiwa mbele yake, na Husna akichota kwa kata kupima. Husna alisimama mlangoni, mkono mdomoni, na badala ya kuogopa akafurahi. Nani atamlaumu? Siku iliyofuata alimaliza kazi mapema, akakaa mbele ya picha kama mtu anayengoja mgeni. Siku ya tatu alijibu. "Nakupozea, mwanangu. Nakupozea."

Hakumwambia mtu. Hata vidole vya Bi Fumiko vilipoanza kutoka malengelenge, vidole alivyochanganyia rangi kwenye gundi ambayo haikuzidi uvuguvugu, Husna alimfunga kitambaa, akanyamaza.

Aliyemzindua ni mama yake tena, kwa simu. "Husna, huyu Salim wako ananitisha." Salim alikuwa mdogo wake Zuhura, miaka mitatu, mtoto pekee aliyebaki. "Kila ikifika saa sita analia kwamba anamwagiwa maji ya moto. Leo nimemvua shati, nikakuta mgongo umebabuka. Na hakuna aliyemkaribia na maji ya moto, wallahi."

Saa ya Pangani na ya Doha ni moja. Husna akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu.

Akaenda chumba cha picha akiwa na simu mkononi, na mlango aliouacha wazi akaukuta umerudishwa, akausukuma, na ile harufu ikampiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, na humo ndani, chini mbele ya picha, palikuwa na mwanamke amekaa kitako amempa mgongo, kichwa kimefunikwa kitambaa cha rangi ya vumbi, akijiyumbisha mbele na nyuma kama wanavyojiyumbisha wafiwa, bila kulia, bila kupumua, na kila alipoinama ile sauti ya Zuhura ilitoka ukutani, mama maji yana moto, mama maji yana moto, na Husna alipotazama ule mgongo mweupe wa mtoto kwenye picha aliona kwa mara ya kwanza kwamba umevimba na kuchunika kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kwamba haukuwa mgongo wa Zuhura, haukuwa wa mtoto wa mtu yeyote.

Mwanamke hakugeuka. Alisema taratibu, karibu kwa upole:

"Sauti ya wako nakuletea kila mchana. Wangu utaniletea lini?"

Athumani, dereva wa nyumba, alimkuta kando ya gari lake gereji. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Makunduchi, na Athumani mwenyewe watu walimjua kwa kusoma dua, ingawa aliifanya siri, kwani mambo hayo pale Doha yana sheria kali. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Husna," akanong'ona, "kumfukuza ninaweza. Nitasoma, atatoka, na atakwenda moja kwa moja kwa huyo mtoto wa Pangani. Huyu hana ushari. Huyu amefiwa."

"Sasa anataka nini?"

"Wewe ulitaka nini, ulipopigiwa simu ile?"

"Kumwosha," Husna akasema. "Nilitaka kumwosha kwa mikono yangu."

"Basi naye ni mama. Mtoto wake, aliyeungua kwa maji yako, hajaoshwa wala hajazikwa. Yumo mle kwenye karatasi. Lakini ujue, akiondoka, na ile sauti inaondoka. Hutaisikia tena, dada."

"Salim ana miaka mitatu, kaka Athumani," Husna akasema, akauficha uso kwa mtandio.

Ilibaki kumwambia Bi Fumiko kwamba kazi yake ya miezi mitano ingelazimika kufa. Husna alimwambia kwa Kiingereza kibovu na kwa mikono. Bibi yule alivitazama vidole vyake vilivyofungwa, kisha picha.

"Gundi hii ikikutana na maji ya vuguvugu inaachia," alisema hatimaye. "Hata ikae miaka mia. Tunafundishwa hivyo tangu mwanzo: jiwe haliwi letu, tumeliazima." Akainuka kwa shida. "Nitamwambia mwenye nyumba kwamba nimeiharibu mimi. Maji yawe vuguvugu. Si ya moto."

"Si ya moto, mama."

Wakakubaliana kesho yake, saa sita, chini ya mkunazi. Roselyne hakukimbilia Kakamega. Alichuma majani ya mkunazi, yaleyale wanayooshewa maiti kwao Husna, akayaponda kwenye kinu cha jikoni huku akisali sala za kwao. Athumani alichimba shimo dogo, mkabala na shina, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Bi Fumiko ndiye aliyeibandua karatasi kwenye ubao wake, karatasi ya magome isiyochanika ikilowa, akailaza kwenye shuka jipya.

Kuosha hakumwachia mtu. Husna alikunja mikono ya dera, akatia kiwiko majini kupima, kama alivyokuwa akimpimia Zuhura. Jua lilikuwa utosini. Kutoka ndani ya karatasi kitoto kikaita mara moja tu, kwa kithembe, "Mama."

Safari hii Husna hakujibu. Akainua kata.

"Bismillahi," akasema kwa sauti, "tupisheni."

Akangoja hadi majani ya mkunazi yalipotikisika pasipo upepo, yakatulia. Hapo ndipo akamimina, kidogokidogo, kuanzia upande wa kulia, na kijani kikaachia, na kahawia ikaachia, na weupe ukaachia mwisho kabisa, ukipita kati ya vidole vyake ukiwa laini kama ngozi. Akaikunja karatasi tupu ndani ya shuka, akaifunga ncha mbili, akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akaizika mwenyewe.