Hadisi za Saa Sita Mchana

Siku ile Odile alipotamka "Hadisi", sauti zilizomwitikia "Njoo" zilikuwa mbili, na nyumbani alikuwamo mume wake tu. Moja ilikuwa ya Marcellin, ya mtu mwenye haraka. Ya pili ilitoka nyuma ya mtungi wa maji, nyembamba, imechelewa kidogo. Odile akamwuliza mume wake kama amesikia. Marcellin hakuinua hata macho kwenye karatasi. Akasema ni mwangwi tu, mtungi umebaki mtupu, aendelee, wino unakauka.

Mtungi ulikuwa umejaa. Odile mwenyewe ndiye aliyeujaza asubuhi.

Lazima niwaambie huyo Marcellin alikuwa mtu wa namna gani, maana mpaka leo kuna watu mjini Kasongo wanaomsifu, na sifa hizo zinanikera. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, wakati wa pamba ya lazima. Yeye alisoma kwa mapadri, akaacha ukatekista, akatangaza kwamba kazi yake ni kutunga hadisi na kwamba hatamwandikia bwana yeyote. Hakuna gazeti lililomtuma, hakuna padri aliyemsahihisha. Kila Jumapili baada ya misa alisimama kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, koti limefungwa vifungo vyote, akasoma, na watu wakajaa mpaka njiani. Wakimwuliza anazipata wapi, uso ulimng'aa. Alijibu kwamba huandika saa sita ya mchana tu, mlango umefungwa, kahawa chungu mezani, kiatu cha kushoto amekivua, basi hadisi zinashuka zenyewe kichwani. Kiatu cha kushoto, jamani. Na watu waliamini.

Hadisi hizo zilitoka mdomoni mwa Odile. Odile alikuwa Mubangubangu kwa kabila, wa Kabambare, amelelewa na nyanya yake, na yule mzee alimwachia hadisi nyingi kuliko nguo. Kwao hadisi husimuliwa jua likishazama na sufuria zikishaoshwa. Mchana ni mwiko, kwa sababu saa sita, kivuli cha mtu kikiwa kimejificha chini ya nyayo zake, majini wanapita njiani, na wakisikia hadisi wanaingia na kukaa kama wageni walioalikwa. Marcellin aliyajua hayo yote, yule nyanya alimwambia kabla ya harusi. Lakini usiku moshi wa taa ulimwumiza macho, na yeye alipenda mwanga. Akamwambia mke wake kwamba kuandika si kusimulia, hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Odile alikubali, kwa sababu alimpenda. Aliomba kitu kimoja tu: siku ya kusoma, alitaje jina lake mbele ya watu. Marcellin akaapa. Jumapili Odile akasimama nyuma kabisa, mtoto wao Cécilia kando yake, akingoja. Hadisi ya nyanya yake ikasomwa mpaka mwisho, watu wakapiga makofi, mtu akauliza imetoka wapi, na Marcellin akajigusa paji la uso. Odile alirudi nyumbani akilia njia nzima. Kesho yake, saa sita, alikaa tena akasimulia. Moyo wa kupenda ni mgumu kuuelewa, mimi nimeacha kujaribu.

Baada ya ile sauti ya pili, maneno yakaanza kumpotea. La kwanza lilikuwa chumvi. Aliiona machoni, aliihisi ulimini, lakini jina lake halikuja, akacheka mwenyewe na kuonyesha kwa kidole. Kisha likaondoka moto, likaondoka mlango, likaondoka jina la kaka yake, Bulaimu. Kila neno lililopotea lilikuwa ndani ya hadisi iliyosomwa Jumapili iliyopita. Kando ya mtungi ikakaa harufu ya nywele zilizoungua, na maji yake yakawa na ladha hiyohiyo hata yakichotwa upya. Mwishowe Odile akawa anasema kwa mikono. Marcellin aliwaambia majirani ni homa ya shambani.

Sasa niulize swali ambalo majirani hawakuuliza. Kama Odile amekuwa bubu, mbona kila Jumapili hadisi mpya ilisomwa?

Tangu awe bubu Odile alishinda shambani, na jua lilikuwa kali siku kapita, msimamizi wa pamba, alipowaruhusu wanawake mapema. Odile alifika nyumbani kivuli chake kikiwa chini ya miguu. Alipokaribia mlango alisikia mtu anasimulia ndani, hadisi ya binti aliyetoka mtoni, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Cécilia peke yake, na sauti iliyosimulia ilikuwa yake mwenyewe, na kicheko chake, na kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya kuimba, na alipousukuma mlango ile harufu ya nywele ikamjaa kooni, akamwona mume wake mezani, kiatu kimoja mguuni, anaandika mbiombio na kuitikia "Njoo", na nyuma ya mtungi, pale pembeni ambapo hapatoshi hata kuku kulala, palikuwa na giza mchana ule wa jua, na giza lile likasema kwa sauti ya mama, "Cécilia, njoo, mwanangu", na Cécilia akainuka mkekani, macho nusu yamefumba, akaanza kwenda, na Odile alifungua kinywa amwite na hakikutoka kitu.

Alimrukia akamkamata kiuno. Mkono wa mtoto ulikuwa baridi, na ncha za nywele zake zimeungua. Marcellin akageuka na kalamu mkononi.

"Ngoja kidogo," akanong'ona. "Haijamaliza."

Ni hayo tu aliyoyasema. Mimi nadhani ndoa iliisha pale, kabla mwalimu hajaitwa, kabla ya yote.

Odile alimbeba mtoto mpaka kwa Bulaimu, karibu na msikiti, na Cécilia ndiye aliyeeleza yale ambayo mama yake hakuweza. Kesho yake, kabla ya saa sita, Bulaimu akamleta Mwalimu Assumani, anayeandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha na kuwanywesha wagonjwa. Mwalimu alifika nao nyumbani kwa Marcellin, akaunusa mtungi, akarudi nyuma. Akamwuliza Marcellin nani alisimulia hadisi hizo. Marcellin akaanza kusema zilishuka kichwani mwake. Mwalimu akamtazama mpaka akainama, ndipo aliposema ni bibi yangu, Odile, na saa ni saa sita ya mchana.

"Maneno ya bibi yako iko ndani ya hizo karatasi," mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Tutaziosha na maji ya mutungi huu, naye atakunywa. Lakini leta zote. Ikibaki moja, yule mugeni atabaki nayo, na neno alilolishika humo halitarudi."

Marcellin akaingia chumbani, akarudi na mzigo wa karatasi. Aliapa kwa rozari, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Cécilia akaapa tena, kwamba ni zote.

Saa sita walianza. Karatasi ziliingia kwenye maji moja baada ya nyingine, wino ukatoka polepole, na Odile akanywa bakuli juu ya bakuli mpaka midomo ikawa myeusi. Nyuma ya mtungi kitu kilikwaruza, kikanung'unika kwa sauti ya Odile, kikaimba nusu ya wimbo wa nyanya yake. Kisha mtungi ukapasuka wenyewe, maji yakatapakaa sakafuni, na yakabeba nywele ndefu ambazo hazikuwa za mtu yeyote wa nyumba ile. Harufu ikaondoka.

"Chumvi," Odile akasema. Akalia. "Moto. Mulango. Bulaimu."

Bulaimu naye akalia. Odile akamgeukia mtoto wake, akafungua mikono, akafungua kinywa. Kikabaki wazi. Akajaribu tena. Jina halikuwapo.

Wote wakamtazama Marcellin, naye akashika kifungo cha koti lake.

"Ni moja tu," akasema. "Ile ya binti wa mtoni. Nilimpa jina la Cécilia, kwa heshima ya mutoto. Imeondoka na lori asubuhi, wataipiga chapa."

Asubuhi. Maana yake mkono wake ulipokuwa juu ya kichwa cha mtoto, alijua.

Odile alijifuta wino mdomoni. "Jina yako naweza kuisema," akamwambia. "Ya mutoto wangu siwezi. Heri ingekuwa kinyume."

Aliondoka siku ileile na Bulaimu, kwa miguu, kurudi Kabambare. Hadisi ilipigwa chapa. Ni nzuri, siwezi kudanganya, na jina la Marcellin limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Walimu waliipenda, wakawa wanawasomea watoto shuleni saa ya mwisho, karibu na kengele ya mchana, na darasa zima linaitikia "Njoo".

Kwa hiyo kule Kabambare, jua likifika kichwani, Odile huacha kazi yoyote, akafunga kipande cha kitambaa kwenye mkono wake na kwenye mkono wa binti yake, akakaza fundo kwa meno. Kwa sababu saa hiyo mtoto huinua kichwa, akaitikia, "Naam, mama," huku ameelekea njia ya Kasongo, akasimama aende. Na mama yake, aliyekaa pale kando yake, hana jina la kumwita arudi.