Rola Ndani ya Kitambaa Kilicholowa

Jana yake jioni ukuta ulikuwa na nyuso za mtaa mzima. Asubuhi haukuwa na hata uso mmoja.

Sajini Ma Hye-rin alifika juu pumzi zikimpaa, maana mtaa wa Neulbit umening'inia mlimani juu ya bandari ya Busan na hauna barabara, una ngazi tu. Alikuta watu wamesimama kimya mbele ya ukuta, kama waliofika msibani. Rangi ya kijivu ilikuwa imeufunika toka mwanzo hadi mwisho. Aliigusa kwa kidole, ikanata.

Saa nane mchana ujumbe wa manispaa ungepanda hapo kuamua kama mtaa ubomolewe au uachwe. Wakazi walikuwa wamechora nyuso zao ukutani kwa mkono wao wenyewe, walio hai na waliokufa, ili yeyote atakayekuja kubomoa awatazame machoni kwanza.

"Mhalifu tunaye tayari, Afande," alisema Mama Ban, mwanamke mfupi anayeuza supu ya vibonge vya samaki kwenye kona. Alinyoosha kidole. "Yule pale."

Aliyenyooshewa kidole alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, ovaroli imejaa madoa ya kila rangi. Pyo Geum-hui, fundi rangi. Ndiye aliyewafundisha wote kuchora.

"Ninyooshee vizuri, usikosee jicho," Geum-hui alimjibu. "Kidole chako kimekula kwangu miaka mingi, leo kimenisahau?"

"Rola ya kupakia rangi imekutwa kwenye ndoo yako! Ina kijivu hichohicho! Na wiki iliyopita ulikwenda kuwapakia rangi ofisi hao wabomoaji, tulikuona!"

"Nilikwenda, na nikawapakia vizuri. Ndiyo kazi yangu. Nikale ukuta?"

Mzee Gil Sang-du, dobi wa mtaa na mwenyekiti wa kamati ya kupinga ubomoaji, alijikongoja katikati yao akiegemea fimbo. Magoti yake yalikuwa mabovu, kila mtu alijua. "Jamani, jamani. Tumwachie Afande afanye kazi yake. Geum-hui ni dada yetu. Kama amekosa, atasema mwenyewe."

"Sijakosa, Mwenyekiti, na sitasema," Geum-hui alisema. "Na sishuki ngazi hizi leo labda mnibebe."

Hye-rin alitembea taratibu kando ya ukuta wote, mkono ukipapasa. Karibu na mwisho wa upande wa kulia alihisi mstari mwembamba ulioinuka chini ya rangi, na sehemu yenye ukubwa wa sinia ambapo rangi ilikuwa imevimba kidogo. Unyevu, alijiambia, akaendelea. Alichovya kitambaa kwenye maji, akasugua pembeni. Hakikutoka kitu. Akaomba thina, dawa ya kuyeyushia rangi, akasugua tena. Kijivu kilitoka, na chini yake wekundu wa shavu la mtu ukatoka nacho.

"Acha!" Geum-hui alipiga kelele. "Hiyo ni rangi ya mafuta imepakwa juu ya rangi ya maji. Thina itazila zote mbili."

Simu ya Hye-rin ililia. Alikuwa mkuu wake wa kituo.

"Ni ukuta tu, Hye-rin. Rola mnayo, mwenyewe mnaye. Mlete huku kabla wageni hawajafika."

"Bado, Mkuu."

"Bado nini?"

"Bado sijaridhika," alisema, akakata simu.

Stoo ya vifaa ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya duka la Mama Ban, haina kufuli. Ndani mlikuwa safi kuliko jikoni kwingi. Brashi zilikuwa zimening'inizwa kwenye misumari kwa matundu ya mipini yao, na juu ya kila msumari pamechorwa umbo la brashi yake. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

Hye-rin aliweka juu ya meza kifurushi kilichotolewa kwenye ndoo. Kilikuwa kimefungwa vizuri: nailoni imekazwa, hewa imekamuliwa, mdomo umezungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ndani, rola ilikuwa imeviringishwa kitambaa kilicholowa maji, nayo rola imejaa kijivu.

"Hivi ndivyo unavyofunga?"

"Ndivyo. Kila jioni. Wote wameniona, nimewafundisha. Unakamua, unafunga kitambaa chenye maji, unafunga nailoni usiache hewa. Kesho unafungua, rola laini kama ulivyoiacha. Huoshi, humwagi rangi ya watu mtaroni."

"Basi hii ni yako."

Geum-hui aliinama akaitazama. Hasira ikamtoka kwanza, halafu kicheko cha puani.

"Rola ni yangu. Kufunga si kwangu. Afande, mafuta na maji vinapatana? Kitambaa chenye maji ni cha rangi ya maji. Rola ya rangi ya mafuta unaifunga kavu, nailoni tupu. Ukiitia maji inaharibika, inatoa vipele, kesho huwezi kuipaka hata choo. Tazama, imeshaanza."

Hye-rin alitazama. Kweli, juu ya manyoya ya rola kijivu kilikuwa kimeganda vidongevidonge kama maziwa yaliyokatika.

"Pengine ulifanya haraka."

"Haraka? Kifurushi kimenyooka namna hii? Huyu alituliza mkono, binti. Alikuwa ameniangalia nikifunga, akaiga. Ila huku ukutani tumetumia rangi ya maji peke yake, hajawahi kuniona nikifunga ya mafuta. Mtie pingu asiyejua. Mimi najua."

"Na brashi ambayo haipo?"

Uso wa Geum-hui ulibadilika. "Ile ndogo ya kukatia kingo, rola isikofika. Jana jioni ilikuwepo."

Hye-rin alitafakari. Mtu anayetaka kuharibu ukuta haraka anatumia rola. Brashi ndogo ya kingo ya nini?

Chini ya mtaa, kwenye uzio wa mabati wa wabomoaji, mlinzi kijana aitwaye Tak Jun-o alikuwa anakunywa kahawa ya kopo. Viatu vyake vilikuwa na madoa ya kijivu.

"Uzio tuliupaka sisi, Afande, mwezi uliopita. Ndiyo haya." Alisugua doa kwa ukucha, likabanduka kavu. "Debe moja la rangi limeibwa. Nilitoa taarifa, bosi akanicheka."

"Umewahi kupanda kule juu?"

"Nipande wanimwagie supu? Nilijaribu mara moja kwenda kununua sigara. Yule mama wa vibonge alinifukuza na mwiko."

Hye-rin alijikuta anatabasamu. Kijana huyu hangejua Geum-hui anafunga rola vipi. Aliyefanya ni mtu wa juu, mtu aliyekaa siku nyingi kando ya ndoo ile akitazama.

Alipanda tena. Katikati ya ngazi palikuwa na duka la dobi la Mzee Gil. Mlango ulikuwa wazi. Suti na hanbok za harusi, mavazi ya jadi ya Kikorea, zilining'inia ndani ya nailoni zao nyepesi, na harufu ya dawa ya kufulia ilikuwa kali hadi macho yakawasha.

"Karibu, Afande. Umemkamata?" Mzee Gil alikuwa amesimama nyuma ya meza ya pasi.

"Bado naulizauliza. Jana usiku ulisikia mtu akipita?"

"Nikilala nimelala. Tangu mke wangu afariki nameza vidonge." Alitabasamu kwa uchovu. "Naye alikuwa pale ukutani, Myeong-ok wangu. Upande wa kulia, mwishoni. Sasa hayupo mara ya pili."

"Pole, Mzee."

Hye-rin aliinama kuokota kalamu yake iliyoanguka. Chini ya miguu ya mzee kulikuwa na mkeka mpya, bado una mikunjo ya dukani. Kwenye ukingo wake kitu cheupe kilikuwa kimeganda sakafuni, kama ute, na ndani yake mlikuwa na kijivu. Kando, kwenye pipa la taka, mlikuwa na mfuniko wa karatasi wa tambi za kikombe. Kikombe chenyewe hakikuwemo.

Alishukuru, akatoka, akapanda moja kwa moja hadi kwa Geum-hui.

"Ukitia thina kwenye kikombe cha tambi, kile cheupe chepesi, inakuwaje?"

"Inakila. Kitako kinayeyuka, thina yote inamwagika. Mjinga gani kafanya hivyo?"

"Waite watu wote ukutani," alisema Hye-rin. "Na Mwenyekiti pia."

Walikusanyika. Mzee Gil alifika wa mwisho, akashikilia fimbo kwa mikono miwili. Hye-rin alisimama mwisho wa upande wa kulia, pale alipohisi mstari ulioinuka.

"Aliyepaka hapa alitumia rola kila mahali," alisema. "Ila kabla ya rola alitumia brashi ndogo, sehemu moja tu. Nilijiuliza kwa nini. Mama Ban, hapa palikuwa na uso wa nani?"

"Wa Myeong-ok," Mama Ban alijibu. "Mke wa Mwenyekiti."

Hye-rin aliingiza ukucha chini ya mstari. Utepe wa karatasi ukainuka, na nyuma yake ikaja nailoni, nyepesi, ile ya kufunikia nguo zilizopigwa pasi. Alivuta taratibu. Kijivu chote kilichokuwa juu kikabanduka pamoja nayo, na mwanamke mwenye nywele fupi na jino moja la dhahabu akawatazama, safi, hana hata tone.

Watu waliguna kwa pamoja. Geum-hui aligeuka polepole.

"Mwenyekiti."

Mzee Gil hakukana. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ngumu.

"Debe niliiba uzioni usiku, nikalipandisha ngazi mojamoja. Lakini Myeong-ok nisingeweza kumpaka. Nilibandika nailoni, nikapitisha brashi kwenye kingo ili rola isiivute. Brashi ile sikuweza kuirudisha chafu. Nikailoweka kwenye thina, kikombe kikayeyuka."

"Kwa nini?" Mama Ban aliuliza kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye kiongozi wetu."

"Mlinichagua tukiwa bado kwenye matanga! Nani aliniuliza?" Alipiga fimbo chini. "Myeong-ok alishikwa na moyo humu mtaani. Gari la wagonjwa lilisimama kule chini, haliwezi kupanda. Wakambeba kwenye machela, ngazi baada ya ngazi. Alikufa karibu na tangi la maji. Nyinyi mnazipenda hizi ngazi. Mimi kila asubuhi nazikanyaga. Nataka zibomolewe zote, leo."

"Na mimi?" Geum-hui alimsogelea. "Mimi rola uliitia ndooni mwangu kwa kosa gani?"

"Mkutano wa mwezi uliopita nilifungua mdomo kusema. Ukasimama ukasema anayetaka kuhama ni mwoga na msaliti. Watu wakapiga makofi. Nikakaa chini."

Geum-hui alifuta mikono kwenye ovaroli.

"Nilisema," alikiri. "Na bado nasema nabaki hapa. Lakini ungenitukana usoni, Mzee. Tungegombana hadi asubuhi, ningekusikia. Umetaka watu wangu wanitemee mate."

"Nimetaka hivyo," alisema Mzee Gil.

Hye-rin alimshika mkono. "Twende kituoni, Mzee." Mzee alipiga hatua mbili, magoti yakamkatalia, akayumba.

Geum-hui aligeuza mgongo mbele yake, akachuchumaa.

"Panda."

"Sitaki huruma yako."

"Sina huruma na wewe. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini hakuna mtu atakayeanguka tena kwenye ngazi hizi mimi nikiwepo. Panda, usinipotezee muda, nina ukuta wa kupaka."

Alipanda. Geum-hui aliinuka, akasaga meno, akaanza kushuka. Hye-rin alitangulia. Nyuma yao Mama Ban alikuwa tayari anagawa ndoo, na watu walikuwa wanafungua nailoni za rola zao.

Karibu na tangi la maji walikutana na ujumbe wa manispaa ukipanda, watu wa suti, mashati yamelowa jasho, mkubwa wao akiegemea ukuta kutafuta pumzi. Ngazi hapo zilikuwa za mtu mmoja mmoja.

"Mama, tupishe," mkubwa alihema. "Tuna kazi rasmi huko juu."

Geum-hui alisimama, jasho likimtiririka machoni, mzee akiwa mgongoni kama gunia.

"Hapo uliposimama alifia mke wa huyu mzee kwa kukosa barabara," alisema. "Andikeni hilo kwanza. Tunataka njia ya gari la wagonjwa, na tunataka nyumba zetu, vyote viwili. Halafu rudini nyuma mpaka pale kwenye upana, nipite."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Sijui. Shukeni."

Mkubwa alimtazama Hye-rin, akitegemea askari aseme neno. Hye-rin alijibana ukutani, akatazama bahari. Mtu wa nyuma kabisa alianza kurudi, halafu wa kabla yake, hadi wote wakashuka kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, kumpisha.