Jina Lililokatwa Pichani

Punda wa kwao Mbinya aliijua njia ya mtoni kuliko Mbinya mwenyewe. Kila asubuhi alibebeshwa mitungi minne, akateremka hadi kwenye mto wa mchanga, akasimama kando ya kisima na kungoja. Mbinya alichota kwa kikopo, kidogo kidogo, kwa maana maji ya mchangani hutoka yanapotaka yenyewe. Wakirudi nyumbani, nyanya yake, ambaye Mbinya alimwita Susu, alikuwa amekwisha kupika uji. Mama alikuwa ameondoka mapema kwenda kufungua kibanda chake cha mboga sokoni Zombe. Mbinya alikunywa uji, akavaa sare, akakimbia shuleni.

Alikuwa Gredi ya Nane. Muhula ule Mwalimu Kitheka wa kilimo aliwapa kazi ya wiki sita. Kila mwanafunzi apande sukuma wiki nyumbani kwa maji kidogo, kisha apige picha na kuituma katika kundi la WhatsApp la darasa kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni.

Mbinya alipanda. Wiki ya kwanza alimwagilia. Wiki ya pili alimwagilia alipokumbuka. Wiki ya tatu mbuzi waliingia wakala mpaka shina, naye Mbinya akajiambia kwamba siku bado ni nyingi. Jumapili ikamfika kama mgeni asiyebisha hodi.

Jioni ile alichukua simu ya mama na kuingia Facebook, kwenye ukurasa wa wakulima wa Kitui. Hapo akaiona picha. Chupa kumi na mbili za plastiki zilikuwa zimening'inizwa kwa kamba juu ya magunia, kila moja ikidondosha tone juu ya mche wake. Sukuma ilikuwa ya kijani hadi inang'aa. Gunia moja lilikuwa na kiraka chekundu. Chini kabisa paliandikwa: *Kazi ya Kasyoka Mutie, Kwa Vonza.*

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Mbinya aliusukuma ukingo wa picha kwa kidole mpaka maandishi yakatoweka. Kisha akaituma.

"Ni picha tu," alijiambia. "Kwani nimemwibia mboga?"

Mwalimu Kitheka alijibu papo hapo: *Hongera Mbinya. Hii ndiyo kazi.*

Kesho yake darasani kila mtu alimsifu, isipokuwa Musyoka, ambaye kwao ni ng'ambo ya boma la kina Mbinya.

"Mbinya, hiyo shamba yenu iko upande gani?" aliuliza. "Mimi hupita kwenu kila siku na huona mbuzi tu."

"Labda huangalii vizuri."

"Labda. Ama mbuzi wenu siku hizi ni wa kijani."

Wenzao walicheka. Mbinya pia alicheka, kisha akainamia daftari lake.

Siku kumi zilipita. Jumatano asubuhi Mwalimu Kitheka aliingia darasani akiwa na simu mkononi. Alisema kwamba aliipeleka picha ya Mbinya kwenye shindano la wakulima wadogo, na kwamba mshindi angepewa tangi la maji la lita elfu tano.

"Waandalizi wamenipigia," alisema. "Kuna msichana mwingine aliyetuma picha hii hii, siku mbili baada yetu. Anaitwa Kasyoka, anatoka Kwa Vonza. Anasema ni yake, na jina lake limo, lakini wao wanasema jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Amewaomba waende waione bustani, lakini wao wana gari moja na siku moja. Aliyetuma nyuma ndiye mwizi, ndivyo wanavyoona. Ijumaa watamwondoa na kumwandikia mwalimu mkuu wake. Halafu watakuja hapa kwetu, waione bustani ya Mbinya na kumkabidhi tangi."

Darasa zima lilipiga makofi. Mbinya aliinua mikono yake, ikakataa kukutana. Mahali fulani Kwa Vonza, msichana aliyefunga chupa zile moja baada ya nyingine alikuwa akiitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe.

Angesema palepale. Lakini mwalimu alikuwa akitabasamu, na Musyoka alikuwa akimtazama.

Alhamisi Mbinya alisema anaumwa na kichwa, akabaki nyumbani. Mama alipoondoka, aliokota chupa nyuma ya duka la jirani, akazifunga kwa kamba. Akajaza udongo magunia mawili. Miche hakuwa nayo, kwa hiyo alichukua majani ya sukuma yaliyokuwa jikoni yakingoja kupikwa, akayachomeka kwenye udongo. Kwa mbali yalifanana na bustani. Kufikia saa saba jua lilikuwa limeyalaza yote chini.

Susu alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliyazunguka magunia mara moja, taratibu.

"Mjukuu wangu, mboga hizi zimechoka kabla ya kuanza kazi. Na wewe kichwa kinakuuma. Nani amewaroga?"

Mbinya alitaka kudanganya tena. Alitafuta uongo wa kufunika ule wa kwanza, akaona kwamba na huo ungehitaji wa kuufunika. Akaketi chini, akaeleza yote.

"Hilo jina," Susu aliuliza, "lilikuwapo kwenye picha?"

"Lilikuwapo chini, Susu. Nililikata."

Susu aliingia ghalani, akarudi akiburuta mzinga wa zamani wa gogo. Alipangusa vumbi ubavuni kwa kanga yake. Pale palikuwa na mistari miwili na duara, iliyochongwa kwa ncha ya kisu.

"Babu yako alikuwa na mizinga thelathini. Mingine ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka hapa, juu ya miti, msituni. Unadhani nani aliilinda?"

"Sijui."

"Hakuna mtu. Alama hii ndiyo iliyoilinda. Mtu mwenye njaa alipita chini, akasikia nyuki, akasoma alama, akaenda zake. Ukitaka asali ulimwendea mwenyewe ukamwomba, na mara nyingi alikupa. Lakini aliyekwangua alama ya mwenzake, huyo hatukumwita mwizi wa asali tu. Huyo alitaka mwenzake awe kama hakuwahi kuutundika mzinga."

Mbinya alilia. Susu alimwacha alie kidogo, kisha akasimama.

"Vaa viatu twende kwa mwalimu."

"Kesho asubuhi, Susu. Nikiwa nimejipanga."

"Kesho ni Ijumaa. Mtoto wa watu ataamka akiitwa mwizi, wewe ukijipanga?"

Walimkuta Mwalimu Kitheka ofisini akisahihisha madaftari. Mbinya alisimama mbele ya meza, akasema: "Mwalimu, ile picha si yangu. Ni ya Kasyoka. Nilikata jina lake."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kisha akampigia mwandalizi, akaweka simu katikati ya meza.

"Kuna mwanafunzi hapa ana neno," alisema.

Mbinya alirudia maneno yale yale.

"Barua ya mwalimu wake mkuu imeshaandikwa," mwanamke wa upande wa pili alisema. "Iko hapa mezani, ilikuwa iondoke kesho. Kwao wameniambia msichana amekataa kula tangu jana." Karatasi ilisikika ikichanwa. "Nitampigia sasa hivi. Na ninyi, mwalimu, mwaka huu mtakaa nje ya shindano."

"Tumekubali," Mwalimu Kitheka alijibu. Kisha akamgeukia Susu. "Hata mimi nina kosa, Mama. Niliisifu picha bila kwenda kuiona bustani."

Jioni ile Mbinya aliandika katika kundi la darasa, mahali pale pale aliposifiwa: *Picha niliyotuma ni kazi ya Kasyoka Mutie wa Kwa Vonza. Mimi sikupanda. Nisameheni.* Aliyejibu wa kwanza alikuwa Musyoka. *Sasa naweza kupita kwenu nikiangalia vizuri*, aliandika.

Kupitia ukurasa ule wa wakulima, Mbinya alimtumia Kasyoka mwenyewe ujumbe wa sauti wa kuomba msamaha. Ulikaa siku tatu bila jibu. Siku ya nne jibu likaja, fupi: *Ile kiraka nyekundu nilishona na mkono yangu. Usirudie. Ukipanda, toboa kifuniko na sindano, si msumari. Msumari unamaliza maji.*

Mbinya alitoboa kwa sindano. Alizungushia magunia ua wa miiba, na kila asubuhi kikopo cha kwanza kutoka mtoni kilikuwa cha chupa. Baada ya wiki sita sukuma yake haikuwa kubwa, na majani mengine yalikuwa na matundu ya wadudu. Akaipiga picha hivyo hivyo. Chini akaandika: *Kazi ya Mbinya. Nimefundishwa na Kasyoka Mutie, Kwa Vonza.*

Alimwonyesha Susu. Susu aliisogeza simu mbali na macho, akaomba asomewe maandishi mara mbili.

"Sikia, mjukuu wangu," alisema. "Simu ni msitu mkubwa, na kazi za watu zimetundikwa humo bila mlinzi. Ukipenda ya mwenzako, omba, na umtaje. Na yako uitie alama bila aibu, hata ikiwa ndogo." Akamrudishia simu. "Sasa nenda ukachume mboga ya jioni. Tuone kama inaliwa."