Midomo Ndani ya Moyo wa Wifi

Harufu ya udi ilimpokea mlangoni, ilhali hakuna aliyechoma udi katika chumba kile cha vipimo. Mpimaji wa moyo alinusanusa, akatazama kiyoyozi, akapuuza. Kitandani alilala wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ambaye siku hizi hata kupanda ngazi kulimkata pumzi.

"Wifi, hiyo jeli yako ya baridi! Unataka niongeze na mafua?"

Wakacheka. Mpimaji akabana kifaa chini ya titi la kushoto, moyo ukajitokeza kwenye skrini, akaugeuzageuza mpaka akawa anaichungulia vali, kile kilango cha damu, kutoka juu, kama daktari wa upasuaji atakavyoiona. Kwa picha ya pande tatu, vali ile hufanana na midomo inayofunguka na kufumba. Alishaiona kwa watu wengi mno, haikumshtua tena.

Lakini midomo hii haikufuata mapigo. Mapigo yalikwenda kivyake, nayo ikaenda kivyake, ikajikunja pembeni kama ya mtu anayetabasamu, na alipofungua sauti ili asikie damu inavyovuja, badala ya ule mvumo aliouzoea ikaja sauti nzito ya kunong'ona, iliyotoka kwenye spika na papo hapo ikatoka kifuani mwa wifi, huku wifi mwenyewe kafumba mdomo na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni: "Hatimaye kuna aliyenitazama."

Kifaa kikamponyoka.

"Umemwona jini wangu," wifi alinong'ona. "Usimwambie daktari. Ameniapia, wakinipasua atahamia kwa wa kwanza kumwona."

"Na usipopasuliwa?"

"Atanimaliza. Si unaona ninavyokwisha?"

Daktari aliingia, akatazama skrini. Kwake ilikuwa vali inayovuja tu. "Hii tuirekebishe upesi. Au mna shaka?"

Wifi akatikisa kichwa kukataa upasuaji. Mpimaji akamtazama. Alimkumbuka binti huyu anavyoingia kwao bila hodi, anavyofunua masufuria, anavyomtetea kwa kaka yake. Akamgeukia daktari.

"Ni woga tu, daktari. Atapasuliwa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wifi alirudi na nuru yake na umbea wake, na alipopimwa tena, vali ilikuwa imetulia, inafuata mapigo. Mpimaji alijifungia msalani akalia kwa shukrani. Akajiambia jini ameshindwa, amekwenda zake.

Jumapili moja mchana alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mumewe amemlalia kifuani, wifi anaimba jikoni. Ghafla mume akainua kichwa, macho yamemtoka.

"Mke wangu, umesema nini?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

"Basi nani kaniambia, 'Niondolee kichwa chako'?"