Nati ya Breki

Kila Jumamosi asubuhi Mutheu alifua sare zake za shule, akazianika kwenye roshani ya nyumba yao katika mtaa wa Pipeline, kisha akashuka ngazi mbio kumfuata shangazi yake, Mbinya. Siku za kazi, Shangazi Mbinya aliendesha gari la ofisi. Jumamosi aliendesha gokati, kigari kidogo kisicho na paa wala milango, kinachokwenda chini chini kana kwamba kitailamba lami. Yeye na wenzake wapenda magari walishindana kwenye uwanja wa ghala kuukuu nyuma ya mtaa wa Fedha. Kandokando ya njia walikuwa wamepanga matairi yaliyochakaa.

Kazi ya Mutheu ilikuwa moja, tena aliiomba mwenyewe: kukagua na kukaza nati zote kabla ya mbio. Shangazi alimwonya asisahau breki hata siku moja.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali. Mutheu alikuwa amekaza nati za magurudumu na sasa anakaribia breki, Austine, mtoto wa jirani, alipomwita.

"Niaje, Mutheu! Kuja uone injini ya yule jamaa. Ni mpya kabisa!"

Akaacha spana chini, akaenda. Aliporudi, Shangazi alikuwa ameshavaa helmeti na kuketi.

"Breki umeiangalia?"

"Nimeangalia, Shangazi," Mutheu akajibu upesi.

Bendera ikashushwa. Vigari vikachomoka vikinguruma, na baada ya mizunguko michache Shangazi akawa mbele. Watu walipiga mbinja. Mutheu aliinama kuokota spana yake, na hapo ndipo alipoiona nati, imelala pale pale kigari kilipokuwa kimesimama. Ilikuwa na rangi nyekundu. Shangazi alikuwa amepaka nati ya breki rangi hiyo ili isichanganywe na nyingine.

Akaiokota haraka. Bila nati hiyo, bolti ingechomoka wakati wowote, na breki isishike.

"Nyamaza tu," Austine akamnong'oneza. "Karibu amalize. Ukisema, mbio zitasimamishwa na kombe litaenda. Halafu watajua ulidanganya."

Mutheu alitazama kona kali iliyokuwa mwisho wa uwanja. Nyuma ya matairi yale kulikuwa na ukuta wa mawe. Akaifumbata nati, akakimbia hadi kwa Bwana Odero, msimamizi wa mbio.

"Simamisha! Breki ya Shangazi imelegea! Sikuiangalia, nilisema uongo!"

Bwana Odero hakuuliza swali. Aliinua bendera nyekundu na kuipunga kwa nguvu. Shangazi aliiona akielekea kwenye kona, akaachilia kanyagio la mafuta. Kisha akakanyaga breki. Kigari hakikusimama! Kilizidi kuserereka, mwendo ukipungua polepole mno, watu wakipiga mayowe, hadi kikayagonga matairi na kutulia.

Mutheu alifika akihema. Shangazi alikuwa ameinama, akiutazama mguu wake uliokanyaga breki hadi mwisho.

"Shangazi, umeumia?"

"Sijaumia." Alivua helmeti.

Mutheu alimpa nati, akamweleza yote huku machozi yakimtiririka. Shangazi aliigeuza nati kiganjani. Upande wa pili, dereva aliyekuwa wa pili alikuwa tayari anapongezwa kwa ushindi, kwa kuwa kanuni yao ilikuwa kwamba kigari kibovu hakirudi mashindanoni.

"Nimekasirika, Mutheu, sitakuficha," Shangazi akasema. "Ningekuwa na mwendo ule wa mwanzo, sasa hivi ungekuwa unazungumza na watu wa ambulensi."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Uliogopa kuaibika, lakini ukasema, nami niko hai. Kombe tutalitafuta tena." Akamrudishia nati mkononi. "Ila shika neno hili: mtu akikuuliza kama umefanya kazi, anakuuliza kama anaweza kukuamini. Usijibu 'ndiyo' mpaka uwe umeifanya. Haya, kaza hiyo nati, nami nikiona."