Pipa Lililokupwa na Kujaa

Asubuhi ile Kaswera alikuta maji ya pipa yameshuka, na hakuna mtu aliyechota.

Pipa lilikaa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, pale Nyakasanza, mtaa wa Bunia, na maji yake yalikuwa ya mvua. Alizunguka akitafuta tundu. Chini palikuwa vumbi kavu. Alifikiri ni majirani, akanyamaza, kwa sababu mjane mpya hagombani na watu juu ya ndoo ya maji. Mchana akarudi na sufuria, jua kali, hakuna wingu hata moja, akakuta maji yamefika mdomoni mwa pipa, yanatetemeka kidogo kama mtu ametoa mkono ndani sasa hivi.

Akamwita mama mkwe wake, Vahwere.

"Mama, njo uone. Asubuhi ilikuwa chini."

"Ni macho yako, mwanangu," Vahwere akasema bila kuinuka kwenye mkeka wake. "Unalia sana. Macho nayo inachokaka."

Ni kweli alikuwa analia sana. Mume wake, Mumbere, alikuwa ameondoka na rafiki yake Léon kwenda kununua vipuri vya gari, wakapitia Mahagi, wakavuka Uganda, wakafika mpaka Mombasa. Mzigo ukachelewa melini. Siku za kungoja wakawaona wageni wanapanda mashua kwenda kutazama samaki kwenye mwamba wa matumbawe, wamevaa miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia mdomoni, na Mumbere, aliyejifunza kuogelea utotoni kule ziwani Kasenyi, akasema na siye twende, nikirudi nimwambie Madame Secondaire mambo ambayo hata kwenye vitabu vyake hajasoma. Ndivyo alivyomtania mke wake, kwa kuwa Kaswera alimaliza secondaire, shule ya sekondari, na yeye hakumaliza.

Léon alirudi peke yake. Alikaa kwenye kiti cha Mumbere bila kuegemea.

"Shemeji, mwenye mashua alitufundisha vizuri. Alisema munashuka wawili wawili. Mumoja akizama, mwenzake anabakia juu, anamuangalia. Mwamba hamuukanyagi, hamuushiki. Na maji ikianza kukupwa, mutoke mara moja, maana pale kwenye mulango wa mwamba maji inavutaka mutu, inamupeleka kwenye bahari kubwa."

"Na weye ulikuwa unamuangalia?"

"Miwani yangu iliingia maji. Niliitoa nipanguse macho." Akaonyesha kwa kidole, jicho moja, jicho la pili. "Kupangusa tu, shemeji. Nikainama tena, hayuko. Nikaita. Mumbere! Mumbere! Yule mwenye mashua akanifunga mudomo na mukono yake. Akasema juu ya ule mwamba hawaitangi mutu kwa jina."

Mwili haukupatikana. Ilipatikana miwani yake tu, na mpira wake, vimenasa kwenye matumbawe. Léon aliviweka mezani, vimefungwa kwenye shati.

Mtu akifia mbali na mwili usirudi, kwao wanazika mgomba mahali pake. Wakakata shina, wakaliosha, wakalivika shati la Jumapili na kulifunga kwenye blanketi lake, wakachimba nyuma ya nyumba. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyesimama kuliita. Alikuwa amejiandaa kusema Athanase, jina ambalo marehemu alibatizwa. Lakini mtu wa serikali alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha mbele, na ilikuwa ile miaka majina ya ubatizo yalikatazwa, mtu aliweza kufungwa juu ya jina. Baba mdogo akaliacha lile jina. Akasema, "Mumbere, hapa ndipo kwako. Ingia, ulale." Wakafukia. Mgongoni mwa Kaswera mtoto alikuwa amelala, mtoto wake wa kwanza wa kiume, naye, kama desturi yao inavyotaka kwa kila mvulana wa kwanza, Mumbere vilevile.

Miwani Kaswera hakuitia kaburini. Aliificha ndani ya kitenge, akaja kuitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Ndicho kitu cha mwisho kilichogusa uso wa mumewe.

Basi pipa likaendelea. Linashuka, linajaa, linashuka, linajaa, na kila siku saa zake zinasogea mbele kidogo, hivi kwamba leo limejaa wakati wa kupika, keshokutwa limejaa wakati watu wameshakula. Na harufu ikaja. Kwanza kama makayabu, yule samaki wa chumvi wa sokoni, halafu kama makayabu yaliyosahauliwa kwenye mvua, na ndani ya harufu hiyo kitu kingine baridi ambacho Kaswera hakukijua, maana alikuwa hajaona bahari maisha yake yote.

Halafu kikombe. Mumbere alikuwa na tabia, akimaliza kunywa maji pipani, anagonga kikombe kwenye ukingo mara mbili, ting, ting, kutoa matone. Jioni moja Kaswera anachambua maharagwe mlangoni, akasikia: ting, ting. Akaruka. Hakuna mtu. Kikombe kiko kwenye msumari wake, kinachuruzika.

Angepaswa kuogopa siku ile. Alifurahi. Alikaa chini kando ya pipa, akaegemeza shavu kwenye bati lake la baridi, akaanza kusimulia, mtoto ameota jino, mama yako anaumwa goti, Léon hapiti tena njia yetu, na ndani ya pipa kitu kilikuwa kinapumua polepole, hooo, hooo, kama mtu anayevuta hewa kwa mpira, kinasikiliza.

"Mumbere," akaita kwa sauti ya chini. "Ni weye?"

Maji yakapanda, yakamgusa vidole.

Akafanya hivyo siku nyingi. Vahwere alimwona, akageuza uso, kwa maana mama naye alikuwa anasikia kikombe cha mwanawe, na alikuwa hajapata nguvu ya kumfukuza.

Mpaka mchana mmoja. Kaswera alikuwa amemlaza mtoto, akasikia chumbani ile pumzi, hooo, hooo, akafikiri leo ameingia ndani, akaenda akitabasamu, akakuta pumzi inatoka mdomoni mwa mtoto. Midomo yake imebanwa mviringo kama imeuma kitu. Macho yako wazi, hayapepesi. Nywele zimelowa, mto wa kichwani ni mkavu. Kaswera akamnyanyua, akamwita, Mumbere, Mumbere mudogo, na kila alipoita jina mtoto aliacha kupumua, kimya kabisa, midomo ikaanza kuwa ya bluu, yeye anaita zaidi kwa hofu, anamtikisa, anamlamba uso na uso ni chumvi tupu, na kule nyuma anasikia maji yanamwagika kutoka kwenye pipa lililojaa kupita kiasi, na Vahwere anapiga yowe mlangoni, "Uache kumwita! Kaswera, muache!" na aliponyamaza, aliponyamaza tu, mtoto akavuta hewa kama mtu aliyetoka chini kabisa.

Kesho yake ilikuwa vilevile, maji yalipojaa. Siku ya tatu mtoto alikaa muda mrefu zaidi bila pumzi.

Dispensaire, zahanati ya mtaa, wakampa dawa ya kifua. Padri akanyunyiza maji ya baraka, maji ya pipa yakamrukia viatu. Ndipo Vahwere, mkatoliki wa rozari kila jioni, akafunga kilemba chake akaenda sokoni kumtafuta Assani.

Assani alikuwa fundi cherehani, mwislamu wa Kasongo ambaye ujana wake aliishi Tanga. Watu walimletea suruali za kupunguza, na wengine, wakiona hakuna anayetazama, walimletea mambo mengine. Alifika na futi ya kupimia bado shingoni. Akachovya kidole pipani, akaonja, akatema.

"Mama, hii si mvua. Hii inakupwa na inajaa. Sijayaona mambo hayo tangu Tanga."

Kaswera alilisikia lile neno la Léon, kukupwa, akashika ukingo wa pipa.

"Ni bwana yangu, papa. Ananijua. Anagonga kikombe."

"Kuna vitu vinakaa kwenye miamba ya bahari, mwanangu. Havina jina. Mutu akiitwa kwa sauti pale juu, vinaokota. Chenye kimeokota jina kinafuata mahali pa kulala." Akatazama kaburi la mgomba. "Hapa mulizika nini?"

"Mugomba. Mahali pa bwana yangu."

"Mukauita nani?"

"Mumbere."

"Na mutoto anaitwa nani?"

Vahwere alikaa chini, pale pale kwenye udongo, akaweka mikono kichwani.

"Mulikikaribisha wenyewe," Assani akasema kwa upole. "Mukakipa kitanda. Sasa kinaona mutu wa lile jina bado anatembea inje, kinataka ajaze kitanda."

Akawaeleza. Wangoje siku maji yatakapokupwa saa sita, jua likiwa kichwani. Wafukue mgomba, waweke ile miwani, wamwite marehemu kwa jina lililo lake peke yake. Wakaushe pipa. Mtoto apewe jina jingine.

"Na weye ndiye utasema," akamwambia Kaswera. "Si mama yake, weye. Utamwambia amekufa. Kitajibu kwa sauti unayoipenda. Usikiite, hata kwa kilio. Kuanzia siku ile hutaita tena, mpaka uzeeni."

"Na kama ni yeye? Papa Assani, na kama kweli ni yeye?"

Assani alikunja futi yake. "Mutoto atapumua tena mara ngapi, mwanangu?"

Siku ikafika. Jua la saa sita, mitaa mitupu, watu wanakula. Vahwere alimshika mtoto kifuani nje ya ua. Baba mdogo alifukua mgomba, ukatoka umelowa, blanketi zito kama limetoka mtoni, na lile shati la Jumapili halikuwa tena limefungwa vifungo. Kaswera akaenda kuitoa miwani kwenye msumari. Kioo chake kilikuwa na mvuke kwa ndani.

Akaiweka juu ya mgomba. Tangu siku Léon alipokaa kwenye kile kiti alikuwa amesema hayuko, amepotea, hajarudi. Lile neno lenyewe alikuwa hajalisema.

"Kaswera," pipa likasema.

Ilikuwa sauti yake. Ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Kaswera, juu ya nini munanifungia inje? Iko baridi huku. Iko giza. Nimetembea sana, Kaswera, nimefika, na mutoto ananijua, umuulize kama hanijui, muniachie pembeni tu ya nyumba, sitaingia, sitashika mutu, nitakaa hapa nikusikilize tu, uniambie mambo ya mutoto, uniambie goti ya mama…"

Nje ya ua Vahwere alianza kulia kwa sauti. Na mtoto, ambaye alipaswa kuwa mzima saa ile kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa kabisa, akaacha kupumua.

Kaswera akapiga magoti. Akashika udongo kwa mikono miwili na kusema haraka, haraka, kama mtu anayekimbia asikamatwe: "Athanase, umekufa, umekufa kwenye maji ya watu, hatukukuona, hatukukuosha, Athanase, hapa ni kwako weye peke yako, mutoto haiko wako huko, ni wangu huku, umekufa, bwana yangu, lala."

Halafu kutoka chini kabisa ya pipa, sauti ndogo, iliyochoka, karibu na kicheko:

"Sawa, Madame Secondaire."

Mtoto akavuta hewa, akalia.

Wakafukia. Assani alilipindua pipa kwa mguu. Maji hayakuwa hata kikombe, lakini chini palibaki mchanga, mweupe, laini, na Bunia nzima udongo ni mwekundu.

"Kinajua utani?" Kaswera alimuuliza, amemshika mkono wa kanzu. "Papa Assani, hiyo kitu, inaweza kujua utani wa mutu na bibi yake? Niambie."

Assani alimtazama, akatazama mchanga. "Kinajua yenye kilisikia," akasema, lakini aliondoka bila kumaliza chai.

Mtoto sasa anaitwa Antoine, kwa kunong'ona, ndani ya nyumba tu, kwa sababu ya serikali. Ni mzima. Anakimbiza kuku, anajipaka matope mwilini, anapumua kama watoto wote. Pipa waliliuza. Mwenye kulinunua hajaleta malalamiko.

Kaswera alimwachisha ziwa mwezi ule ule. Kwa kawaida maziwa yanakauka, kila mama anajua. Yake hayakukauka. Yanapungua asubuhi mpaka kifua kinalegea kama cha mwanamke mzee, kisha bila mtoto kugusa yanaanza kupanda, yanapanda, yanauma, na saa zake zinasogea mbele kidogo kila siku. Hajaona bahari, lakini akiwa sokoni, akiwa kanisani, akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anajua kama kule mbali imejaa au imekupwa. Siku moja tu alionja tone. Tangu siku ile anajifunga kitenge kwa nguvu, na Antoine akija na mikono yake midogo, "mama, nyonyo," anamgeuza, anampa ndizi, anaimba kitu chochote amsahaulishe.

Hajamwambia Vahwere. Hajamwambia Assani, maana Assani atasema kuna kazi bado.

Maumivu yakizidi anaenda nyuma ya nyumba, pale ulipozikwa mgomba. Anachuchumaa, anafungua kitenge, anayakamua yaanguke chini. Haiti jina. Meno yake yamebanwa, machozi yanashuka, haiti. Na udongo ule, hata wakati wa mvua ambapo ua mzima umeshiba maji, unayanywa yote mara moja, kwa pupa, kama mtu mwenye kiu aliyetoka mbali sana.

Akimaliza, anasikia: ting, ting.